Barua ya wazi: madaftari ya mabaraza msiyachome, tuacheni tuyasome kwanza

Kwa wakubwa wa elimu ya juu, wakubwa wa mahakama na wakubwa wa kumbukumbu na nyaraka, popote mlipo, Dodoma au Dar.

Shikamooni.

Mi ni mtoto wa Ujiji, Kigoma, mwisho wa reli. Nimekuwa karani wa mahakama ya mwanzo miaka kumi na moja, digrii ya sheria nimeisoma Chuo Kikuu Huria usiku usiku huku nanyonyesha, masta nikaipata kwa tabu hivo hivo, na sa hizi nataka kusoma PhD ya historia ya sheria na nadharia ya sheria. Najua mshaanza kucheka. Hata mama yangu alicheka, akaniuliza kwani hiyo historia ya sheria kuna kesi utaishinda nayo? Nikamwambia hamna mama. Akasema basi soma, ila watoto wasilale njaa. Yeye tumeshamalizana, sasa nyie ndo nataka mnielewe, na ntaandika kama tunavyoongea manake barua za kiofisi nimeandika nne na jibu nililopata mpaka leo ni muhuri wa "imepokelewa".

Nianze na stoo, manake mambo yote yalianzia stoo.

Kuna kituo nilipangiwa, siitaji ni mahakama gani, nikakabidhiwa funguo za stoo ya vielelezo. Ukifungua mlango unakutana na pikipiki mbili hazina matairi, baiskeli, madumu ya gongo yaliyokauka, afu nyavu. Nyavu haramu, makokoro ya watu wa ziwani waliokamatwa miaka hiyo, zimerundikwa mpaka dirishani na zinanuka dagaa utadhani uko Kibirizi saa kumi na mbili asubuhi. Chini ya nyavu kuna mbao, na kwenye mbao ndo yalipo madaftari, yale marefu ya jalada gumu yenye kitambaa mgongoni, na mafaili yamefungwa kwa kamba ya katani. Panya walifuata harufu ya dagaa. Walipomaliza kilichoweza kulika kwenye nyavu wakahamia kwenye migongo ya madaftari manake gundi ya zamani nayo inalika, kwa hiyo ukivuta daftari moja linakuja karatasi karatasi, mgongo hamna.

Nililolivuta mimi lilikuwa la baraza la wenyeji, yani mahakama ya wazee ya enzi za mkoloni, la mwaka 1957. Wino wa bluu, mwandiko umenyooka kama wa mtu aliyechapwa fimbo za kutosha shuleni, na lote Kiswahili. Nilisimama pale mlangoni nasoma mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa.

Shauri lenyewe ni hili. Mtu alipanda michikichi saba kwenye shamba la shemeji yake, upande wa Mwandiga huko, enzi wanapatana. Baadae wakagombana, shemeji akasema ardhi yangu basi na michikichi yangu, toka. Wazee wa baraza wakaenda mpaka shambani, wakauliza nani alifyeka, nani alichimba mashimo, na mawese ya kwanza alikunywa nani (ndivo ilivyoandikwa, alikunywa, na mi naamini). Wakaamua michikichi ni ya aliyepanda. Ardhi ni ya mwenye ardhi, anaweza kulima muhogo wake chini ya miti hiyo hiyo, ila asizibe njia ya kwenda kukata ngazi, yani matunda ya mchikichi. Afu wakaongeza kitu ambacho mimi kimenikosesha usingizi mpaka leo: mchikichi ukifa, haki ya aliyepanda imekufa nao, haruhusiwi kupanda mwingine kwenye shimo lile lile. Yani mti unarithiwa, shimo halirithiwi. Sisemi hiyo ndo mila ya Waha wote, nasema hivo ndivo baraza lile liliamua siku ile.

Sasa ngoja niwaeleze kwa nini karani wa watu alikosa usingizi. Mwaka wa pili wa digrii tulikaririshwa Kilatini, quicquid plantatur solo, solo cedit, kilichopandwa ardhini ni mali ya ardhi. Ndo sheria ya Waingereza tuliyorithi, manake sheria yetu ya mahakama na matumizi ya sheria, ile Sura ya 358, bado inasema tunachukua sheria za kawaida za Uingereza, misingi yao ya usawa na sheria zao za jumla kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Nilikariri nikafaulu. Halafu bibi yangu mzaa baba alikuwa na michikichi minne kwenye shamba ambalo sio lake na hamna mtu Ujiji nzima aliyeona ajabu, mimi mwenyewe nimekula mawese ya miti hiyo utoto wangu wote afu nikaenda kwenye mtihani nikaandika kwamba kitu hicho hakiwezekani kisheria. Na nikapata A!

Hapo ndo nadharia inapoingia, na naomba msifunge ukurasa. Swali la nadharia ya sheria ni moja tu la kijinga ukilisikia mara ya kwanza: sheria ni nini, na tunajuaje kwamba hii ni sheria na hii ni desturi tu ya watu? Yule Mwingereza John Austin alisema sheria ni amri ya mtawala anayeweza kukuadhibu, na mila ni sheria pale tu mahakama inapoitekeleza, manake mtawala akinyamaza ni kama ameamuru. Kwa hesabu hiyo Gavana Twining aliyekuwa kalala Dar 1957 ndiye aliyetoa amri kuhusu michikichi saba ya Mwandiga ambayo hajawahi kuiona wala kuisikia. Mwingereza mwingine, Hart, akaja akasema hapana, sheria sio amri tu, kila jamii yenye sheria ina kanuni ya kutambulia, kanuni ambayo wanaohusika wanaitumia kujua hii ni sheria na hii siyo. Hiyo aliitoa 1961, mwaka huo huo tunapata uhuru na Kitivo cha Sheria kinafunguliwa Dar tarehe 25 Oktoba pale kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, hata ukitaka kupanga visiendane vitaendana. Basi mimi nataka kujua wale wazee wa baraza kanuni yao ya kutambulia ilikuwa ipi. Hawakufungua kitabu. Waliuliza nani alichimba shimo.

Halafu kuna jambo zito kuliko michikichi. Mwaka 1963 serikali ilitoa Matangazo namba 279 na namba 436, ndo hizo sheria za mila zilizoandikwa, ambazo makarani na mahakimu wa mwanzo tunazitumia mpaka kesho kwenye mirathi. Kazi ya kuzikusanya na kuziweka pamoja ilifanywa na Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali, alifariki 1962 kabla hazijatangazwa. Ndani ya 436 warithi wamepangwa madaraja matatu, la kwanza mtoto wa kiume wa kwanza, la pili wanaume wengine, la tatu mabinti. Na kanuni ya 20 inasema mwanamke anaweza kurithi, ila ardhi ya ukoo ataitumia tu maisha yake, hawezi kuiuza. Ndo ile Jaji Mwalusanya aliipindua 1990 kwenye kesi ya Holaria Pastory wa kule Kagera aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, jaji akasema hiyo inagongana na katiba inayokataza ubaguzi, mwanamke auze kama mwanaume. Kesi ya kihistoria, kila mwanafunzi wa sheria anaijua. Lakini tangazo lenyewe mpaka leo ukienda mahakamani linatajwa, na likitajwa linatajwa kama "mila na desturi zetu", kana kwamba limeshuka na mababu.

Ni kweli? Hilo ndo swali langu lote la PhD na naliweka hapa kwa maandishi asije mtu akasema sikusema: je, mila iliyoandikwa 1963 ndo ile ile iliyokuwa inaamuliwa kwenye mabaraza 1957?

Watu wameshauliza maswali ya namna hii kwingine. Martin Chanock aliuliza Malawi na Zambia, akaonyesha kwamba nyingi ya hiyo tunayoita sheria ya mila ilipikwa enzi za ukoloni wenyewe, wazee wa kiume wakishirikiana na maofisa. Sally Falk Moore alikaa Kilimanjaro kwa Wachaga miaka na miaka. Kigoma nani? Na jibu haliwezi kupatikana kwa kukaa Dar ukafikiri sana. Lipo kwenye madaftari, manake kuanzia 1929 rufaa za mabaraza ziliondolewa Mahakama Kuu zikawa zinaenda kwa maofisa wa utawala mpaka kwa Gavana, kwa hiyo kwenye vitabu vya hukumu vilivyochapwa huwezi kumkuta mzee wa Mwandiga. Yupo daftarini au hayupo popote. Mabaraza yenyewe yakafutwa na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963, mahakama za mwanzo zikachukua kazi, na makaratasi yakahamia stoo, zikaja nyavu zikawekwa juu.

Kwa ruhusa ya hakimu wangu wa wakati ule, mtu mzima, mstaarabu, Mungu amlaze pema, nilipiga picha kurasa 41 kwa simu Jumamosi moja. Kurasa 41 tu, chaji iliisha. Kwenye hizo 41 nimekuta wadai sita ni wanawake. Sita! Wawili wanadai ardhi waliyoachiwa na baba na mmoja alishinda, na wazee hawakutaja daraja la kwanza wala la tatu, waliuliza nani alimuuguza marehemu. Sisemi mabaraza yalikuwa pepo, kwanza wazee wote wanaume, na huyo wa pili aliyeshindwa alijibiwa kwa lugha ambayo sitaiandika hapa. Lakini kurasa 41 haziwezi kuthibitisha kitu, mwanasheria yeyote atanicheka, inabidi nisome elfu nne.

Nikaandika barua kuomba ruhusa rasmi ya utafiti. Ilipita miezi kumi na moja. Ruhusa ikatoka, ina muhuri mzuri, nikachukua bodaboda siku hiyo hiyo. Stoo imepakwa rangi. Ina tailizi. Kijana niliyemkuta akanambia kwa furaha kabisa "dada tumesafisha", nyavu zilitolewa amri ya kuteketezwa, na waliokuja kuzibeba walibeba na vilivyokuwa chini yake, vyote shimo moja, kiberiti kimoja. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 hairuhusu ofisi ijichomee kumbukumbu za umma inavyojisikia, kuna utaratibu na kuna mwenye mamlaka ya kuidhinisha. Simlaumu yule kijana, aliambiwa asafishe naye akasafisha. Nilikaa kwenye ngazi pale nje nikanywa soda, nikarudi nyumbani, sikumwambia mtu wiki nzima.

Tuje kwenye usaili. Chuo siwatajii. Jopo la watu wanne, mmoja yuko kwenye simu muda wote, mwingine akanambia andiko lako zuri ila historia ya sheria soko lake ni dogo, badilisha uandike mafuta na gesi au makosa ya mtandao utapata mfadhili haraka. Wa tatu akauliza kwa upole tu, nadhani alitaka nijibu vizuri, hii nadharia inamsaidia nini mwananchi wa kawaida?

Nilibabaika siku ile. Leo najibu.

Kigoma bandarini hapo tulikuwa na Wabelgiji. Walituteka 1916 wakakaa mpaka 1921, na wakati wa kuondoka wakakubaliana na Waingereza, Machi 1921, kwamba Ubelgiji ipewe maeneo mawili, moja bandari ya Kigoma na moja Dar, iyatumie milele kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Milele, faranga moja! Ndo yale yaliyoitwa Belbase. Uhuru unakaribia, 1961, Mwalimu akasimama bungeni akasema Tanganyika haitajifunga na mkataba huo. Hoja yake ukiitoa kwenye Kiingereza cha mikataba ni hoja ambayo mama yeyote wa Mwanga hapa hapa Kigoma mjini anaielewa: Mwingereza mwenyewe alikuwa mpangaji hapa, alishikilia nchi kwa dhamana ya Umoja wa Mataifa ule wa zamani, sasa mpangaji anampangishaje mwenzie chumba milele? Na Desemba ya mwaka huo huo akauandikia Umoja wa Mataifa kuhusu mikataba yote ya mkoloni, kwamba ile ya nchi mbili mbili tutaiheshimu miaka miwili tu huku tunaangalia upi unatufaa na upi haufai. Dunia nzima wanaosoma sheria za kimataifa wanaifundisha kwa jina lake. Mwalimu hakuwa mwanasheria, digrii yake ya Edinburgh ilikuwa ya sanaa, lakini ile ilikuwa nadharia ya sheria na historia ya sheria vimekaa meza moja, na kilichookolewa ni bandari ambayo leo mnapakia mizigo ya Congo na Burundi.

Na nadharia inaweza kuua vilevile. Uganda 1966, Obote kaipindua katiba, kesi ya Matovu ikafika Mahakama Kuu, majaji chini ya Jaji Mkuu Udo Udoma wakachukua nadharia ya Kelsen ya kanuni mama, wakasema mapinduzi yakifanikiwa yanazaa sheria mpya, basi katiba mpya ni halali. Hiyo ni nadharia ya profesa wa Vienna, imetumika Kampala juu ya shingo za watu. Sasa mtu akisema nadharia haina kazi mimi namwangalia tu.

Basi tuseme nimepata chuo. Nikaomba likizo ya masomo kwa mwajiri, ikakataliwa, sababu imeandikwa "fani haihusiani na majukumu ya mtumishi". Majukumu yangu ni kutunza mafaili ya mahakama. PhD yangu ni kuhusu mafaili ya mahakama. Hiyo barua nimeiwekea plastiki.

Hela sizungumzi sana, mnaijua. Miaka mitatu kwa uchache, ada, na nyaraka zimetawanyika kama familia iliyogombana. Za Mjerumani ziko Dar kwenye Nyaraka za Taifa, na zingine Berlin, za mkono kwa ule mwandiko wao wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo anahangaika kuusoma (humo humo utakuta neno Schauri, baraza zao za kusikiliza kesi waliziita hivo hivo shauri, walituazima neno wakaliwekea herufi zao). Za Mbelgiji ziko Brussels, za Mwingereza ziko London kule Kew. Na rufaa zetu za Mahakama Kuu, mabaraza yalipokwisha, zilikuwa zinakwenda Tabora miaka mingi kwa hiyo Tabora nako lazima. Kutoka hapa mpaka Dar kwa treni ni zaidi ya kilomita 1,200, nalipa mimi, kwa mshahara wa karani, afu nafika nimechoka naanza kutafuta pa kulala kwa shangazi Buguruni.

Kuna profesa mmoja Ujerumani nilimwandikia imeili, alijibu siku ya pili, watu wema wale kwa kujibu siwezi kuwasema. Wana taasisi nzima Frankfurt yenye historia ya sheria na nadharia ya sheria kwenye jina lake, sisi hata kozi moja ya historia ya sheria tunaisoma kwa kuikimbiza. Huyu wangu yuko chuo kingine, akanambia hela ninayo, ila mradi unahusu kipindi chao, 1885 mpaka 1919, ungeweza kuhamisha swali lako? Nikafikiri usiku mzima. Sikumchukia, hela ya mtu ina masharti ya mtu. Lakini michikichi saba ni ya 1957 na Matangazo ni ya 1963, nikiyahamishia 1907 nakuwa namtafutia yeye majibu ya maswali yake. Kwa upande wa Dar kile kituo cha sheria cha Tanzania na Ujerumani walichoanzisha na wenzao wa Bayreuth 2008 kimesomesha watu wetu wengi mpaka PhD na nawapongeza kweli, ila mkazo wao ni sheria za jumuiya ya Afrika Mashariki. Kila mlango niliogonga una swali lake tayari mezani. La kwangu halina mwenye hela, na ndo maana nawaandikia nyie, manake lingekuwa lenu.

Na lugha. Mwaka 2021 mlibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, tulishangilia. Mahakama ya mwanzo haikubadilika kitu siku hiyo, sisi tulikuwa tunaandika Kiswahili tangu siku ya kwanza, na mabaraza kabla yetu. Lakini karibu kila chuo nilichouliza kinanitaka niandike tasnifu ya sheria kwa Kiingereza. Wazee wanasema "haki", neno moja, mle mle kuna ile haki unayodai kwamba ni yako na ile haki ambayo hakimu anapaswa kuitenda. Kwa Kiingereza nalazimika kuchagua maneno mawili tofauti, na nikichagua tu nimeshawaamulia wazee walimaanisha nini, kabla sijawasikiliza. Mjerumani angalau neno lake Recht linabeba sheria na haki kwa pamoja, yule profesa alinielewa kwa sentensi moja. Msimamizi wa hapa hapa nyumbani akaniambia niweke tanbihi.

Sa hizi mnasajili kesi mpya kwenye mfumo wa mtandao, na kusema kweli umetusaidia, faili halipotei kama zamani. Siwaombi mskani Tanzania nzima. Naomba chumba kimoja kikavu Kigoma na kimoja Tabora, chenye mbao za juu na wavu wa panya, kila mahakama ya mwanzo ipeleke humo chochote cha kabla ya 1964 na msitoe ruhusa ya kuchoma kitu mpaka mtu anayejua kusoma vitu hivyo amekipitia. Wapo makarani wastaafu wanaojua miandiko ile na majina ya wale wazee, wapeni posho ya kikao tu watakuja na miwani yao. Sisi watatu au wanne tunaotaka kusoma hii PhD, tupeni likizo yenye mshahara na nauli ya treni, daraja la tatu mi sina neno. Na mtuache tuandike kwa Kiswahili, muhtasari wa Kiingereza tutautoa, Frankfurt watatafuta mkalimani, sisi mbona miaka yote tunawatafutia wao.

Haraka yangu ni hii. Kuna stoo ya pili. Ipo wilaya nyingine ya mkoa huu huu, nimeiona kwa macho mwezi uliopita, madaftari kumi na tisa nimeyahesabu, kuanzia 1949 mpaka 1963, yako kwenye shelfu ya tatu nyuma ya masanduku ya kura ya zamani. Bati la kona ya kulia lina tundu. Nimewawekea beseni chini yake, la kwangu, la bluu, naombeni msilitupe. Mvua za huku zinaanza Oktoba, na mkuu wa kituo kaniambia kwa nia njema kabisa kwamba bajeti ya ukarabati imetoka na watasafisha.

Namba yangu ya simu mnayo, iko kwenye fomu ya likizo mliyoikataa, ukurasa wa pili chini.

Ni mimi karani,
Ujiji, Kigoma